Sura ya Sita: Kihindi Ukiwa Gashonga

"Nakaa kijijini, sina mwalimu, sijawahi kukanyaga India. Naweza kujifunza Kihindi peke yangu?"

Swali hili linaulizwa sana na vijana wa Gashonga na wa tarafa jirani za wilaya ya Rusizi. Yupo anayeliuliza kwa sababu amekulia kwenye filamu za Kihindi na amechoka kusimuliwa. Yupo aliyesikia kwamba serikali ya India inatoa nafasi za masomo kwa Wanyarwanda. Yupo pia mfanyabiashara wa Kamembe ambaye bidhaa zake, kuanzia dawa hadi vipuri vya pikipiki, zina maandishi ya India, naye angependa siku moja azungumze na muuzaji mwenyewe.

Jibu ni ndiyo, inawezekana. Wengi wanaoanza, hata hivyo, huacha mapema, na sababu kubwa si uvivu. Wanatumia vitabu na programu zilizoandikwa kwa ajili ya Mwingereza. Mwingereza hufundishwa kwa jasho mambo ambayo mtu wa Gashonga huyafanya kila siku bila kufikiri, halafu yale yanayomsumbua kweli mtu wa Gashonga hayaguswi kabisa.

Sura hii inasimama juu ya hoja moja: usianze Kihindi kama mtu mwenye mikono mitupu. Anza na lugha ulizo nazo. Mkazi wa Rusizi kwa kawaida ana Kinyarwanda cha nyumbani, Kiswahili cha soko na cha mpaka wa Bukavu, na Kifaransa au Kiingereza cha shule. Huo ni mtaji mkubwa, na hapa tutaona jinsi ya kuutumia.

## Kihindi ni lugha ipi hasa?

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Katika Afrika Mashariki tumezoea kusema "Kihindi" kwa lugha yoyote inayozungumzwa na Mhindi. India ina lugha nyingi. Sensa yake ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 528 waliotaja Kihindi kuwa lugha yao ya kwanza, yaani zaidi kidogo ya wanne katika kila kumi. Waliobaki walitaja Kibengali, Kimarathi, Kitelugu, Kitamil, Kigujarati na nyingine nyingi.

Familia nyingi za Kihindi zilizohamia Afrika Mashariki zilitoka Gujarat, Kutch na Punjab, na nyumbani kwao huzungumza Kigujarati, Kikutchi au Kipunjabi. Mfano uko karibu. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kule Bugarama kiliingia mikononi mwa kampuni ya Kenya ya National Cement mwaka 2024, na mwanzilishi wa kampuni hiyo, Narendra Raval, alizaliwa Gujarat. Kwa hiyo ukimsikia mwenye duka akizungumza na mwanawe na usiambulie neno, usivunjike moyo. Huenda hicho si Kihindi unachojifunza. Lakini ukimsemesha kwa Kihindi, uwezekano ni mkubwa atakuelewa, kwa sababu Kihindi ndicho lugha ya filamu na nyimbo zinazowaunganisha Wahindi wa sehemu nyingi.

Jambo la pili: Kihindi na Kiurdu cha Pakistan, katika mazungumzo ya kawaida, vinaelewana. Tofauti kubwa iko katika maandishi na katika maneno ya kitaalamu. Lugha ya filamu za Mumbai iko katikati, imejaa maneno yaliyotoka Kiajemi na Kiarabu. Kwa msemaji wa Kiswahili hiyo ni neema, kama tutakavyoona.

## Mbona natazama filamu miaka yote na sijui Kihindi?

Rwanda ina utamaduni wake wa filamu za agasobanuye, yaani filamu za kigeni ambazo mfasiri amezisimulia juu yake kwa Kinyarwanda. Tanzania na Kenya nako wapo wasimulizi wao wa Kiswahili. Ni sanaa yenye wapenzi wengi, na imewafanya watu wengi wasiojua Kihindi wazipende hadithi za India.

Lakini agasobanuye inafundisha hadithi, haifundishi lugha. Sauti ya mfasiri inakaa juu ya sauti ya mwigizaji, nalo sikio hufuata lugha linayoielewa. Hali ni hiyo hiyo kwa tamthilia za Zee World, ambazo zimetiwa sauti ya Kiingereza. Unaweza kuzitazama hadi uzeeni ukabaki na "namaste" peke yake.

Anayetaka lugha inambidi amwondoe mfasiri katikati. Tafuta filamu hiyo hiyo, ambayo hadithi yake unaijua tayari kwa agasobanuye, uitazame katika sauti yake ya asili. Kwa kuwa unajua nani anamlilia nani na kwa nini, akili yako ina nafasi ya kusikiliza maneno yenyewe.

Mfano wa nguvu ya sikio tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka mkoa wa Pwani nchini Tanzania, alijulikana duniani mwaka 2021 kwa video fupi alizojirekodi yeye na dada yake Neema wakifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, hasa wimbo Raataan Lambiyan wa filamu ya Shershaah. Mwezi Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja wote wawili katika kipindi chake cha redio, Mann Ki Baat. Kufuatisha wimbo kwa midomo si kuzungumza, na hakuna anayepaswa kudanganyika hapo. Lakini mdomo hauwezi kufuatana na wimbo mpaka sikio lijue kila silabi inaanzia wapi na inaishia wapi. Kazi hiyo ya sikio ndiyo mlango wa lugha, na haidai mwalimu wala ada.

Kwa ufupi: filamu inakusaidia pale tu unaposikia Kihindi chenyewe. Chagua kipande cha dakika mbili au tatu, ukirudie mara nyingi. Filamu tano nzima zilizopita masikioni hazikufundishi kama kipande hicho kimoja.

## Mtaji ulio nao tayari

### Maneno unayoyajua

Kiswahili na Kihindi vilikopa kutoka ghala moja la Kiarabu na Kiajemi, na zaidi ya hapo wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walibeba maneno pamoja na shehena. Katika sura hii nitaandika sauti ndefu kwa irabu mbili, kama aa na ii. Tazama:

- kitaab: kitabu
- duniyaa: dunia
- khabar: habari
- savaal, javaab: swali, jawabu
- vaqt: wakati
- davaa: dawa
- saabun: sabuni
- hisaab: hesabu
- imtihaan: mtihani
- safar: safari
- mez: meza
- dukaan: duka
- paisaa: pesa
- gaarii: gari
- biimaa: bima
- rang: rangi
- laakh: laki, yaani 100,000
- chaay, achaar: chai, achari

Orodha hii ingeweza kuwa ndefu mara tatu. Hata hivyo, jihadhari na maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana. Hatari zaidi ni ya majina ya ukoo. Kwa Kihindi maamaa ni mjomba, kaakaa ni ndugu wa kiume wa baba, daadaa ni babu mzaa baba, na naanaa ni babu mzaa mama. Ukimwita binti wa watu "daadaa" ukidhani unamheshimu, umemwita babu. Dada kwa Kihindi ni diidii, kaka ni bhaiyaa, mama ni maan, na n ya mwisho hutokea puani. Vilevile daftar ni ofisi, si daftari la kuandikia, na qariib ni karibu kwa maana ya umbali tu. Huwezi kumkaribishia mgeni.

### Ejo na kal

Vitabu vya Kiingereza hutumia nafasi kubwa kueleza jambo ambalo Mzungu huliona la ajabu: neno kal ni jana na pia ni kesho. Mnyarwanda hashangai, kwa sababu ejo ya Kinyarwanda iko hivyo hivyo. Kitendo ndicho kinachokuambia ni ejo ipi. Kal aayaa ni "alikuja jana", na kal aaegaa ni "atakuja kesho". Hata parson, yaani juzi au keshokutwa, inalingana na ejobundi. Somo zima limekwisha.

### Nyumbani, sokoni, Gashonga men

Katika Kiingereza na Kifaransa neno la kuonyesha mahali hutangulia. Katika Kihindi hufuata nyuma: ghar men ni "nyumbani", baazaar men ni "sokoni". Angalia Kiswahili chenyewe: nyumba-ni, soko-ni. Ile -ni yetu inakaa mahali pale pale panapokaa men. Ukiwaza kwa Kiswahili unapata sahihi mara ya kwanza. Ukiwaza kwa Kiingereza utakosea.

### Langu, changu

Nomino za Kihindi zimegawanyika makundi mawili, la kiume na la kike, na maneno mengine hubadilika kuyafuata. Meraa naam ni "jina langu". Merii kitaab ni "kitabu changu", kwa kuwa kitaab iko kundi la kike. Mtu ambaye tangu utotoni anasema jina langu, kitabu changu, nyumba yangu na mtoto wangu haoni jambo geni hapo. Kinyarwanda kina ngeli nyingi kuliko makundi hayo mawili, nawe uliziweza kabla ya kuanza shule. Nomino nyingi zinazoishia kwa aa ni za kiume, na nyingi zinazoishia kwa ii ni za kike: larkaa ni mvulana, larkii ni msichana. Zipo zinazokaidi, kama paanii, maji, ambayo ni ya kiume. Jifunze kila nomino pamoja na "yangu" yake, na kundi lake litakaa kichwani lenyewe.

### Heshima

Kihindi kina "wewe" tatu. Aap ni kwa mkubwa, mgeni na mtu usiyemjua. Tum ni kwa rafiki na mdogo wako. Tuu ni kwa mtoto mdogo, mtu wa karibu sana, au Mungu katika sala. Mnyarwanda anayechagua kati ya waramutse na mwaramutse, na Mswahili anayejua nani wa kumpa shikamoo, wote wameshaizoea fikra hii. Kwa miezi ya mwanzo tumia aap kwa kila mtu. Heshima ikizidi haimuudhi mtu.

## Yatakayokusumbua kweli

Sasa tuje kwenye magumu, na haya ndiyo ya kuyapa muda.

Irabu ndefu na fupi. Kam ni "kidogo", kaam ni "kazi". Din ni "siku", diin ni "dini". Kiswahili sanifu hakizoezi sikio kutofautisha maneno mengi namna hii, ila Kinyarwanda kinatenganisha maneno kwa urefu wa irabu na kwa mpando wa sauti: umuryango wa watu na umuryango wa nyumba huandikwa sawa, lakini anayekijua hawezi kuvichanganya masikioni. Tumia sikio la Kinyarwanda hapa.

Pumzi. Kihindi hutofautisha konsonanti kavu na konsonanti inayotoka na pumzi. Pal ni "kitambo kidogo", phal ni "tunda". Weka kiganja mbele ya mdomo: kwenye phal lazima uhisi upepo. Msomaji wa Mombasa ataelewa haraka, kwa sababu Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi hiyo hiyo. Mnyarwanda naye aseme inka, ng'ombe, kama inavyosemwa nyumbani, aisikilize pumzi iliyomo.

Hapa tahajia ya Kiswahili inaweza kukudanganya. Ukiona dh, th, kh na gh katika Kihindi kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, usisome kama dhahabu, thelathini, Alkhamisi na ghali. Dh ya duudh, maziwa, ni d yenye pumzi. Gh ya ghar, nyumba, ni g yenye pumzi.

T mbili na d mbili. Ipo t ya ulimi kugusa meno, na ipo t ya ncha ya ulimi kukunjwa nyuma kugusa kaakaa. Maneno matatu yanatosha kwa mazoezi: saat ni saba, saath, yenye pumzi, ni "pamoja", na saath nyingine, ya ulimi uliokunjwa, ni sitini.

R na l. Wasemaji wengi wa Kinyarwanda hubadilishana sauti hizi bila madhara. Katika Kihindi madhara yapo: raat ni usiku, laat ni teke.

Kufunga neno. Lugha zetu hupenda neno liishie kwa irabu, na ulimi hukimbilia kusema "kitaabu", "naamu", "ghari". Kihindi hufunga: kitaab, naam, ghar. Jirekodi kwa simu, jisikilize, uikate ile irabu ya mwisho.

Kwa ufupi: urefu, pumzi, ulimi, r na l, na mwisho wa neno. Mambo matano haya ndiyo yanayoamua kama utaeleweka, na yote hushughulikiwa kwa sikio na mdomo kabla ya sarufi.

## Je, ni lazima nijifunze herufi zao?

Wengi huuliza hivi wakitumaini kuambiwa hapana. Ushauri wangu ni kwamba ujifunze, tena mapema. Rudi kwenye maneno matatu ya hapo juu. Kwa herufi zetu saath ya "pamoja" na saath ya sitini zinaandikwa sawa. Kwa herufi za Kihindi, ziitwazo Devanagari, hakuna utata: सात ni saba, साथ ni pamoja, साठ ni sitini. Maandishi yao yanakuonyesha ulimi uweke wapi na pumzi utoe lini.

Isitoshe, mfumo huu unamfaa mtu aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Katika Devanagari kila konsonanti tayari ina a fupi ndani yake. Herufi क peke yake ni ka. Ukitaka irabu nyingine unaongeza alama:

- क ka, का kaa
- कि ki, की kii
- कु ku, कू kuu
- के ke, को ko

Alama hizo hizo hutumika kwa konsonanti zote. Konsonanti za msingi ni 33, na 25 za kwanza zimepangwa kwa safu tano kufuata mahali sauti inapotokea: kooni, kaakaani, ulimi uliokunjwa, menoni, midomoni. Katika kila safu huja sauti kavu, kisha yenye pumzi yake. Jedwali la herufi ni somo la matamshi pia.

Yapo mambo mawili ya kukumbuka. Alama ya i fupi huandikwa kabla ya konsonanti ingawa husomwa baada yake, kama ulivyoona katika कि. Na ile a fupi ya mwisho wa neno kwa kawaida haitamkwi: कमल ni ka-ma-la kwa maandishi, lakini husomwa kamal, aina ya yungiyungi. Maandishi huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na mstari wa juu hushika herufi za neno pamoja.

## Sentensi: kitendo kinakuja mwisho

Kwa Kiswahili tunasema "Ninakunywa chai". Kwa Kihindi ni main chaay piitaa huun, yaani "mimi chai hunywa". Anayetenda hutangulia, kinachotendwa hufuata, kitendo hufunga. Ukishika mpangilio huo unaweza kujenga mamia ya sentensi.

Zingatia hili: kitendo hubeba jinsia ya msemaji. Mwanaume husema main Gashonga men rahtaa huun, "mimi hukaa Gashonga". Mwanamke husema main Gashonga men rahtii huun. Kwa hiyo binti anayejifunza kwa kumwiga shujaa wa filamu atajikuta akizungumza kama mwanaume. Kila mtu achague mwigizaji wa jinsia yake wa kumfuatisha.

Kihindi pia hakina kitenzi cha "kumiliki". Husema mere paas paisaa hai, "karibu yangu pesa ipo". Hili halikupi shida wewe unayesema "nina pesa", yaani mimi ni na pesa.

Sentensi hizi saba zitakubeba katika mazungumzo ya kwanza:

1. Namaste. Salamu ya wakati wowote.
2. Meraa naam … hai. Jina langu ni …
3. Main Hindii siikh rahaa huun (mwanamke: siikh rahii huun). Ninajifunza Kihindi.
4. Dhiire boliye. Tafadhali sema polepole.
5. Phir se boliye. Tafadhali sema tena.
6. Iskaa matlab kyaa hai? Hii ina maana gani?
7. Yah kitne kaa hai? Hii ni bei gani?

Namba ya nne hadi ya sita ndizo muhimu kuliko zote, kwa kuwa zinamgeuza kila unayezungumza naye kuwa mwalimu.

Yapo mambo ya kuahirisha. Namba za Kihindi kutoka 1 hadi 100 hazijengwi kwa utaratibu rahisi kama "ishirini na tano": 25 ni pachchiis, 35 ni paintiis, 45 ni paintaaliis. Jifunze 1 hadi 20, kisha 30, 40, 50, mia na elfu. Nyingine zitakuja na matumizi. Wakati uliopita nao una kanuni ambapo kitendo hufuata jinsia ya kitu kilichotendwa badala ya mtendaji. Iache mpaka uzungumze wakati uliopo bila kusita.

## Itachukua muda gani?

Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha huweka Kihindi katika kundi la lugha ngumu kwa msemaji wa Kiingereza: wiki 44, kama saa 1,100 za darasani, ili mtu aweze kufanyia kazi. Takwimu hiyo inahusu kiwango cha juu, nayo ni ya mtu anayeanzia Kiingereza. Wewe unaanzia kwingine, na lengo lako la kwanza ni dogo: kusalimu, kujieleza, kununua, kuuliza, na kusoma polepole. Panga wiki 12, dakika 40 kwa siku, siku sita kwa juma.

- Wiki ya 1 na 2, sikio. Kipande kimoja cha filamu na wimbo mmoja. Rudia kwa sauti. Fanya mazoezi ya yale mambo matano.
- Wiki ya 3 hadi 5, herufi. Safu moja kwa siku mbili. Andika kwa mkono. Andika jina lako, la kijiji chako, na maneno yote ya orodha ya mtaji.
- Wiki ya 6 hadi 8, sentensi. Sentensi tano mpya kwa siku kuhusu maisha yako: kahawa, mvua, soko, shule, familia.
- Wiki ya 9 hadi 12, mazungumzo. Kila juma tafuta mtu, uso kwa uso au kwa simu.

Kuhusu simu: programu ya Duolingo ina kozi ya Kihindi tangu 2018, lakini hufundisha kwa Kiingereza. Tafsiri ya Google inazo Kihindi, Kiswahili na Kinyarwanda. Itumie kupata neno, usiitumie kama mwalimu wa sentensi. Mashine haijui wewe ni mwanamke au mwanaume, na mara nyingi hukupa umbo la kiume. Bando likiwa ghali, pakua kipande cha sauti mjini Kamembe siku ya soko, ukisikilize juma zima bila mtandao.

## Na baada ya hapo?

Milango ipo. Mwaka 2018 Modi alizuru Rwanda, akatoa ng'ombe 200 kwa mpango wa Girinka katika kijiji cha Rweru, na mwaka huo huo India ikafungua ubalozi wake Kigali. Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, ICCR, hutoa ufadhili wa masomo ya chuo kwa Waafrika. Mpango wa ITEC, ulioanza 1964, hutoa mafunzo mafupi ya kazi. Ipo pia Kendriya Hindi Sansthan ya mjini Agra, taasisi ya serikali inayofundisha Kihindi kwa wageni. Vyuo vya India hufundisha sana kwa Kiingereza, kwa hiyo Kihindi hakitakupa nafasi darasani. Kitakufaa nje ya darasa: kwa mwenye nyumba, kwa dereva wa bajaji, kwa muuza mboga, hospitalini ukiugua ukiwa mbali na kwenu. Hapo ndipo mwanafunzi mgeni huonekana kama ni mpita njia au ni jirani.

Nawaandikia hasa vijana ambao shule iliwazoesha kujiona wanyonge wa lugha kwa sababu Kiingereza chao hakijanyooka. Mtu anayetoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili katikati ya bei moja ya samaki, kisha akajaza fomu kwa Kifaransa, si mnyonge wa lugha. Ameshafanya mara tatu kazi ambayo watu wengi duniani hawajaifanya hata mara moja, na njia ni ile ile: kusikia, kuiga, kukosea mbele za watu, kurekebishwa, kurudia. Kihindi hakitaki kipaji kingine zaidi ya hicho.

Kazi ya juma hili:

1. Chagua filamu moja unayoijua kwa agasobanuye, utafute sauti yake ya asili.
2. Chagua dakika mbili za mwigizaji wa jinsia yako, uzirudie kila siku.
3. Jirekodi ukisema: pal, phal; kam, kaam; raat, laat; kitaab.
4. Andika क, ख, ग, घ mpaka mkono uzizoee. Husomwa ka, kha, ga, gha.
5. Tafuta mwenzako mmoja wa kujifunza naye. Kila unachojifunza leo, mfundishe yeye kesho; usichoweza kumfundisha bado hujakijua, kirudie.